Mtu Aliyeharibu Mashuka ya Rejoice

Koboko, 12 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Mariam Poni,

Assalam aleikum. Sisi huku wazima. Mama anakula, anasali, anagombana na kuku wa jirani, basi ujue yu mzima kabisa. Goti la kushoto tu ndilo linamsumbua akiinuka. Mdomoni mwake asubuhi ni Mariam, jioni ni Mariam, na mimi ninayemchemshia maji ya kuoga sitajwi.

Usishangae kuona barua. Namba yako niliifunga tangu matanga ya Baba na sijaifungua. Lakini Baba alituzoesha barua tangu yuko kambini, akituandikia kwa Kiswahili chake cha jeshi, na barua walau haipandishi sauti. Nampa Alionzi, yule dereva wa gari la Arua, akufikishie mkononi.

Wala sikuandikii kwa kupenda, Mama ameniamuru. Kuna fundi pale barazani tunaposhonea, jina lake Rejoice, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Alikuja mwaka juzi na sindano na kifurushi cha nyuzi, na mimi mwenyewe nilisogeza cherehani yangu ili apate pa kukaa. Sasa baraza lote ni lake! Anatarizi mashuka, wao huyaita milaya: shuka jeupe lenye tausi na maua, la kutandikwa siku wakwe wanapokuja kumwona bibi harusi. Wanawake wa mji huu wamepagawa. Wateja wangu wa miaka kumi na minne wananiamkia upande upande na kupita moja kwa moja kwake. Mama naye amehamishia mkeka wake miguuni pa huyo Rejoice, anasema, "Huyu mutoto iko na mikono." Mikono! Kwani mimi nashona kwa miguu?

Basi kuna mtu anamharibia. Mashuka mawili ya oda yamekutwa yameharibika Jumatatu asubuhi, kwa wiki mbili tofauti, ndani ya stoo tunayofungia vitu. Mafundi tuko wanne na kila mmoja ana ufunguo wake. Mama anasema wewe ulifundishwa huko polisi kumweleza mhalifu ambaye hujamwona. Kama ni kweli, mweleze. Kama si kweli, mwambie Mama aache kutujazia masikio.

Dada yako,
Zam

*

Arua, 20 Februari 2024

Kwa dada yangu Zam,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umeandika umenuna. Mpake Mama ile dawa ya goti niliyomtumia. Najua ameificha chini ya godoro. Mimi bado nakaa mtaa wa Oli, chumba kile kile, na jirani zangu kila timu ya mpira ya Onduparaka ikicheza hawalali wala hawalazi mtu.

Kazini hali si nzuri. Unamkumbuka Igga niliyekutajia? Tulisoma naye kozi ile ile ya wiki mbili, tukapata alama zinazokaribiana, lakini afande wetu anamwita "profesa" na mimi ananiita "wewe Mariam". Mwezi wa tano mtu mmoja atapelekwa kozi ya miezi sita. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote, dada. Nikimwona Igga anacheka na afande naiacha chai yangu mezani.

Sasa jambo la Rejoice. Mwambie Mama huu si uganga, hatuoti ndoto. Tunaanza na aliyetendewa: ni nani, anajulikana na nani, siku yake huendaje. Halafu mahali: nani anaweza kuingia bila mtu kumshangaa. Watu wengi huharibu pale wanapopajua, kwa sababu huko hawana wasiwasi.

Kisha linakuja lile kubwa. Tunatenganisha yale ambayo mhalifu alilazimika kuyafanya ili afaulu, kama kufungua kufuli, na yale ambayo hakulazimika kuyafanya ila aliyafanya kwa kuridhisha moyo wake. Yale ya kwanza atayabadilisha akishazoea au akiogopa. Haya ya pili ni vigumu kuyaacha, maana ndiyo yaliyomtoa nyumbani. Hapo ndipo unapomwona mtu alivyo. Mwishowe tunaandika karatasi: huenda ni mtu wa umri huu, wa kazi hii, mwenye tabia hii. Karatasi haitaji jina, inawapunguzia wapelelezi orodha tu.

Kwa hiyo nijibu. Mashuka yameharibiwa vipi, kwa kitu gani? Kwa nini mtu huyo hakuyaiba akauze? Saa ngapi? Nani amekosana na Rejoice?

Wako,
Mariam

*

Koboko, 4 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu. Dawa kweli ilikuwa chini ya godoro. Mama amecheka akasema una macho ya kuona mbali, na mimi niliyeinua godoro kwa mikono yangu hakuna aliyeniambia asante.

Maswali yako yamekuwa mengi kama ya mtu anayeposa. Haya. Mashuka yamechanwa kwa wembe au kisu. Saa ngapi? Usiku, bila shaka, mwovu gani anafanya kazi mchana? Hakuiba kwa sababu hakutaka mali, alitaka kumkomesha yule mwanamke.

Na aliyekosana naye yupo. Ni Dumo, mnoa mikasi, kijana wa kwao huko Sudan Kusini. Anakaa mbele ya baraza na baiskeli yake aliyoifunga jiwe la kunolea. Alitaka kumwoa Rejoice, Rejoice akamwambia asubiri, na hilo neno la kusubiri limemkaa vibaya, mtu yeyote anamwona. Kila asubuhi Rejoice anampa ufunguo wake akamtolee meza. Ana visu na nyembe sanduku zima. Mimi sisemi ni yeye. Nasema tu wewe ndiye umesoma.

Jana mke wa imamu alipita, akashika shuka jipya la Rejoice akalipeleka usoni kama anambusu mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika gauni lake mkononi, limekwisha, limepigwa pasi. Alilichukua bila kulikunjua.

Zam

*

Arua, 15 Machi 2024

Dada Zam,

Ramadhani karimu. Nakuandikia haraka kabla ya kufuturu. Msalimie Mama, mwambie nafunga vizuri.

Barua yako ilinitosha! Nimeandika hivi: mwanamume, miaka ishirini na tano hadi arobaini, anamjua mwathiriwa kwa karibu, amekataliwa au anaogopa kukataliwa, ana chombo chenye makali na amekizoea, anaingia bila kuvunja kwa sababu ufunguo hupita mkononi mwake. Afande alisoma mara mbili, kwa sauti, mbele ya Igga. Akasema, "Mariam, hii ni kazi." Jina langu limeandikwa kwa ile kozi. Limeandikwa kwa penseli, lakini limeandikwa.

Igga aliniuliza kitu kimoja tu, "Umeyaona hayo mashuka?" Nikamwambia wivu utamuua. Ofisi nzima ilicheka, naye akarudi kwenye meza yake. Wallahi sikumbuki lini nilifurahi namna hiyo.

Karatasi imetumwa huko kwenu leo.

Mariam

*

Koboko, 8 Aprili 2024

Kwa Mariam,

Salamu na heri za Idi, keshokutwa inshallah. Goti la Mama limepata nafuu.

Polisi wamemchukua Dumo. Walikuja tarehe 27, saa nne asubuhi, soko limejaa. Alikuwa ananoa mkasi wangu, akauliza kama anaweza kumaliza kwanza. Wakamfunga pingu. Walifungua sanduku lake, wakakuta nyembe, wakashangilia kama wamekuta bunduki. Mnoa mikasi akutwe na nini, mihogo? Sasa yuko rumande. Baiskeli yake bado iko pale pale, hakuna aliyethubutu kuisogeza.

Siku mbili kabla ya hapo lilikuwa limeharibika shuka la tatu. La nani sijui, usiniulize. Rejoice ameacha kazi, anakaa na sindano mkononi bila kushona. Wateja wangu wamerudi wote. Nina oda za Idi mpaka sina pa kuweka miguu. Nilidhani nitafurahi.

Mama ndiye ananichosha. Anasema shuka lile alilishika kwa mikono yake Jumamosi jioni, zima. Halafu anasema, "Dumo Jumapili yote iko kanisani na Rejoice, anapiga ngoma, mimi nasikia kutoka hapa." Nimemwambia Mama, Jumapili inahusu nini? Akaniangalia tu, akageuka kwenye tasbihi yake.

Mdogo wangu, kwani hiyo karatasi yako haiwezi kusema wamwachie tu? Mashuka ni mashuka. Hakuna mtu aliyekufa. Waambie wampe onyo arudi kwenye jiwe lake, mambo yaishe.

Zam

*

Arua, 2 Mei 2024

Dada Zam,

Salaam aleikum. Namwombea Mama afya. Mimi mzima wa mwili.

Maneno ya Mama kuhusu ngoma yalininyima usingizi, nikaomba nikayaone mashuka. Yaliletwa huku Arua kama vielelezo. Ndiyo, dada, nilikuwa sijayaona. Nilimwandikia mtu karatasi ya kumfunga kutokana na barua mbili zako, kwa sababu nilitaka kumtangulia Igga. Swali aliloniuliza lilikuwa swali la siku ya kwanza darasani, na mimi nilimcheka.

Mashuka hayakuchanwa. Hakuna mkato hata mmoja. Yamefumuliwa, uzi kwa uzi, mpaka tausi wa kila shuka ameondoka na kitambaa kimebaki kizima. Kumharibia Rejoice kungetosha wembe na dakika moja. Huyu mtu alikaa kitako akafumua. Hakulazimika kufanya hivyo. Unakumbuka nilichokuambia kuhusu yale mtu asiyolazimika kuyafanya?

Nilimpa fundi mmoja wa hapa Oli, Driwaru, kipande cha tarizi kama ile. Ua moja lilimchukua karibu saa nzima, naye alikuwa dirishani. Tausi mmoja ni nusu siku. Kwa tochi, usiku, angetoboa kitambaa. Basi ni mchana. Jumamosi jioni zima, Jumatatu asubuhi limekwisha: ni Jumapili, wakati Rejoice na Dumo wako kanisani na baraza liko tupu. Mtu akimwona fundi amekaa pale na kitambaa mapajani ataona anamaliza kazi zake, hatauliza kitu. Nani kati yenu wanne hufanya kazi Jumapili, dada?

Nimeandika karatasi upya. Mwanamke, fundi wa siku nyingi. Ana ufunguo wake mwenyewe. Ana subira. Anapenda kitambaa kuliko anavyomchukia mtu, ndiyo maana hakuweza kukikata. Alizoea kusifiwa, sasa ananyamaziwa. Hataki mali wala damu, anataka ile kazi iliyosifiwa isiwepo. Tulifundishwa pia kwamba mtu wa namna hii mara nyingine hujisogeza kwa wapelelezi na kuwasaidia kutafuta.

Shuka la tatu nililiinua kwenye mwanga wa dirisha. Uzi umetoka lakini matundu ya sindano yamebaki, na katikati, chini ya tausi, matundu yale yameandika Mariam Poni. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo ya vielelezo. Mama hakuniambia. Nina miaka thelathini na mitano sina mume na bado ananiwekea shuka. Wewe uliolewa bila shuka, bila hata mto mpya, najua, nilikuwepo. Ilikuwa Ramadhani, dada. Ulikuwa umefunga, ukakaa kutwa nzima unafumua jina langu.

Nilipokuwa na miaka tisa, Baba aliniletea gauni la Idi kutoka kambini, jekundu, na wewe hakukuletea kitu. Asubuhi kola ilikutwa imefumuliwa. Alichapwa binamu yetu Muzamili. Mimi niliona nyuzi nyekundu kwenye kucha zako nikanyamaza, kwa sababu niliogopa hutanipenda tena. Muzamili alilia mpaka akatapika. Safari hii sinyamazi.

Usidhani najiweka juu. Nimemfunga Dumo kwa wivu wangu kama wewe kwa wako. Na wewe pia nakuonea wivu, hilo sijawahi kukuambia. Mama ananitaja jina, lakini anayemsugua mgongo ni wewe. Mimi nikija ananiandalia kiti cha mgeni.

Nimeiondoa karatasi ya kwanza. Nimemwambia afande niliiandika bila kuona vielelezo, kwa maneno ya ndugu yangu wa damu, na kwamba sistahili kuigusa kesi hii tena. Igga ndiye anaenda kozi. Lakini kuiondoa karatasi hakumtoi Dumo. Bado wana nyembe zake na ule ufunguo. Kesi inatajwa tarehe 22 Mei. Karatasi ya pili na barua zako zote ziko kwangu, na asubuhi ya siku hiyo, saa tatu, nitazikabidhi. Ukitangulia wewe yatakuwa maneno yako. Nikitangulia mimi yatakuwa maneno ya askari. Tafadhali, dada yangu, tangulia.

Mariam

*

Koboko, 27 Mei 2024

Kwa mdogo wangu Mariam,

Waaleikum salaam. Alionzi aliniletea barua yako nikiwa nampima mtu kiuno. Nilisoma nusu, nikampima tena, nikakosea kwa inchi sita. Yule mwanamke sasa ana sketi ya kutosha watu wawili.

Siku kumi na nane nilikuchukia. Nilikutukana nikipika, nikikoga, hata kwenye sijda, Mungu anisamehe. Nilijiambia wewe umesoma kwa sababu Baba alikupenda, halafu umechukua hicho kisomo ukaja kunifumua mimi. Kila nikikaa kwenye cherehani naiona baiskeli ya Dumo. Mtoto wa mtu alikuja kutoka vitani huko kwao, amefungwa kwa ajili ya tausi wa uzi.

Jumanne tarehe 21 nilikwenda nyumbani kwa Rejoice kabla ya kwenda polisi. Alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia mashuka niliyafumua mimi, yote matatu. Hakunipiga. Aliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha, mimi nimesimama. Halafu akauliza, "Tausi ulimwanzia wapi?" Nikasema mkiani, kwa upande wa nyuma, nikifuata uzi jinsi alivyoupitisha. Akasema, "Mimi mwenyewe siwezi kufumua bila kuchana. Hakuna fundi hapa anaweza." Kisha akaanza kulia kwa hasira, akanirushia maji ya mboga miguuni. "Sasa toka kwangu. Nenda umtoe Dumo."

Mariam, miaka miwili nilikaa pale barazani nikisubiri mtu mmoja tu aseme neno kama hilo juu ya mikono yangu. Aliyelisema ni yeye, na alilisema akinifukuza.

Polisi hawakuniamini. Yule afande wa zamu alisema, "Mama, nenda nyumbani, wewe ni mtu mzima." Nikamwambia anipe kofia yake. Nilitoa sindano kwenye ushungi wangu, nikafumua ukingo wote mbele yake, uzi mmoja, haukukatika hata mara moja. Hapo akachukua kalamu. Nililala huko siku moja, wakaniachia kwa dhamana ya shemeji yako.

Dumo alitoka tarehe 23. Siku hamsini na saba. Amekonda, anakohoa, na kidole kimoja hakikunji vizuri, hasemi kwa nini. Jumamosi alirudi kwenye jiwe lake. Nilimpelekea mikasi yangu miwili, nikaiweka na ya wenzangu. Alinoa ya watu wote, yangu akairudisha kama ilivyokuja. Mama amehamia chumba cha uani. Anaitikia salamu zangu kwa sababu ya dini tu. Mafundi wenzangu wamebadilisha kufuli ya stoo, na mimi sikuomba ufunguo.

Kesi yangu ni tarehe 12 Juni. Ukija, kaa mbele nikuone. Usivae nguo za kazi.

Na usidhani wivu umekwisha kwa kuwa nimesema ukweli. Leo Rejoice amefungua kitambaa kipya. Mama amemwomba alianze upya shuka lako, na Rejoice kwanza amechora jina lako. Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Moyo uliwaka, Mariam, uliwaka vile vile kama mwanzo, na vidole vikaanza kutafuta sindano vyenyewe. Nikavikalia. Nimekaa juu ya mikono yangu miwili tangu saa nne mpaka adhana ya alasiri, wateja wanapita wananiangalia, na Rejoice akatarizi M na A.

Dada yako,
Zam